Mwana wa Karatasi

Spånga, Stockholm
11 Januari

Mdogo wangu Ludovick,

Salaam nyingi, na hongera kwa uwaziri. Huku tu wazima. Binti yangu Nala yuko Upplands Väsby, bado anafanya kazi uwanja wa ndege, anakula ovyo na hataki kuambiwa. Mama kule kwetu Kanyigo masikio ni yale yale, ila redio akitaka anaisikia. Amewaambia wanawake wenzake wa kanisani kwamba wewe ndiye unayelinda mlango wa Mfalme wa Uingereza. Sikumsahihisha. Waziri wa Ulinzi si ndiye askari wa geti aliyevaa tai?

Nilikuona kwenye televisheni ya huku, umesimama mbele ya vifaru. Umenenepa. Koti linakubana mgongoni na mkeo hakuambii. Nilikuwa na rafiki yangu Truphosa, Mkenya ninayesali naye, kazi yake ni ukalimani mahakamani, basi akanitafsiria neno kwa neno. Uliposema hujawahi kuogopa kitu nilicheka mpaka chai ikanipalia. Wewe huyu uliyekuwa ukikojoa kitandani radi ikipiga, na shuka nikizifua mimi!

Sasa neno langu. Jonas yuko mstari wa mbele. Aliniandikia kabla ya Krismasi, tangu hapo kimya. Ludo, nilikupa mwanangu akiwa na miaka kumi na tano, baba yake Severin alipofariki na mimi siwezi hata kuinuka kitandani. Ulisema mjomba naye ni mama. Ulisema ili apate shule ya huko lazima aandikwe mtoto wako, ni karatasi tu, dada, isikusumbue. Nikatia sahihi. Akasoma shule yako, akatoka hapo akaingia jeshini, wala sikuulizwa. Leo mkubwa wa jeshi lote ni wewe. Mtoe. Mpeleke ghalani akapange mabuti, mpeleke jikoni akamenye viazi, popote pasipo na risasi. Hilo tu. Sitakuomba jingine mpaka nife.

Naandika kwa sababu simu yako inapokewa na kijana anayesema mheshimiwa yuko kikaoni. Kikao gani hicho kisicho na choo?

Dada yako,
Dativa


London
2 Februari

Mpendwa dada Dativa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia Mama hajambo, na wifi yako anakusalimu. Baridi si kali mwaka huu.

Dada, nadhani hujui njia niliyopita. Nilikuja nchi hii na sanduku moja kusoma sheria. Nikawa diwani katika mtaa ambao watu walinifungia milango usoni. Nikawa mbunge, nikaangushwa, nikarudi. Wakanipa unaibu waziri wa magereza, kazi asiyoitaka mtu, nikaifanya mpaka wakasahau nimetoka wapi. Vita ilipoanza, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi alijiuzulu kabla wiki haijaisha, akasema moyo wake hauwezi. Wakatafuta mwenye moyo. Hakuna mtoto wa Kanyigo aliyewahi kukaa kwenye kiti hiki, na nyuma yangu wamepanga foleni wanaoomba nijikwae.

Nikimtoa Jonas, kesho mama wa kila askari atauliza, na wa kwangu je? Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Jonas yuko mikononi mwa serikali. Naweza kukuhakikishia kwamba kwa sasa hakuna risasi inayoweza kumfikia.

Usipige tena simu ofisini. Ukiandika, andika Kiswahili kama ulivyofanya, maana hapa hakuna anayekisoma. Na habari za shuka tafadhali usizirudie.

Wako,
Ludovick


Spånga
20 Februari

Ta Ludovick, bwana mkubwa, mheshimiwa mlinda mlango,

Hujambo? Mimi nina homa ya hasira lakini nipo. Nala kapandishwa cheo, sasa anawasimamia wenzake wanaopakia mizigo. Mama anauliza lini utakwenda kumsalimia. Nimemjibu ukimaliza kuua.

Nimekuona bungeni. Ulisimama, ukanywa maji, ukasubiri wanyamaze, halafu ukasema, "Mwanangu yuko mstari wa mbele usiku huu." Wakasimama wote, hata wale wa upinzani wasiokupenda. Yupo mama mmoja alitoa kitambaa akafuta macho. Truphosa alikuwa ananitafsiria, akafika hapo akakwama, akanitazama. Nikamwambia sema, mama, sema yote. Akasema, "Anasema ni mwana wake."

Mwanao! Ulimzaa kupitia wapi, Ludo? Nilimzaa mimi, hapa Stockholm, theluji imefika madirishani, Severin anaendesha basi la Skärholmen na moyo uko hospitali. Nilipasuliwa. Kovu ninalo, njoo nikuonyeshe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe ulichoshika siku ile ilikuwa kalamu. Mkeo hakujaliwa kuzaa, si kosa lake, lakini tumbo lake kavu halikupi haki ya kuvuna langu.

Sasa nimeelewa kwa nini humtoi. Kila anayekuuliza kwa nini unapeleka watoto wa watu kwenda kufa, unamwonyesha Jonas. Umemvaa mwanangu kifuani usipigwe wewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, sivyo?

Nakupa mpaka Pasaka. Ikipita naye bado yuko huko, nabeba cheti chake cha kuzaliwa, namshika Truphosa mkono, tunakwenda kwa waandishi wa habari wa huku na wa huko. Nitawaambia waziri wenu hana mtoto. Alipeleka vitani mtoto wa dada yake, kisha akasimama kupigiwa makofi.

Dativa


London
9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa nalia, amini usiamini. Uliyoyasema juu ya wifi yako sijamsomea.

Nimeyatafakari maneno yako, na sikiliza habari njema. Jonas nimeshamtoa. Hayuko mstari wa mbele tena. Yuko mahali patulivu, ana chumba chake peke yake chenye joto, hafanyi kazi yoyote ngumu, na watu wanamhudumia usiku na mchana. Mahali penyewe siwezi kupataja, na simu haziruhusiwi. Hata mimi nikienda simu naiacha mlangoni.

Lakini nisaidie na wewe. Waziri Mkuu wetu ni mgonjwa na ataachia ngazi. Chama kitamchagua mwingine mwezi wa Juni, na jina langu limo. Dada, fikiri: mtoto wa Mama! Neno moja likitoka gazetini sasa hivi, watasema nimempendelea ndugu yangu, nitafukuzwa, na atakayekuja baada yangu atamrudisha Jonas kule kule ili aonekane yeye hapendelei. Sikutishi, nakueleza mambo yalivyo. Kaa kimya mpaka Juni. Wewe unyamaze, na mimi nitaendelea kumtunza.

Mdogo wako,
Ludo


Spånga
21 Machi

Ludo wangu,

Mungu akubariki. Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama, nikaisomea hapo hapo mlangoni na viatu vyangu vya theluji, nikakaa chini. Ametoka! Nimepiga magoti jikoni kwangu mtu mzima mimi. Yale niliyomsema wifi yamenitoka kwa uchungu, mwombe radhi bila kumwambia ni ya nini.

Nimekaa kimya. Hata Nala sijamwambia. Truphosa ananiuliza lini tunakwenda kwa waandishi, namwambia mambo yanashughulikiwa, ananitazama kwa jicho la mahakamani lakini ameacha. Uchaguzi huo nakuombea ushinde. Hata ukitaka kuwa mfalme nitakuombea.

Mimi kazi ni ile ile, kukaa na wagonjwa wanaoaga. Huku wameweka utaratibu kwamba mtu asife peke yake, basi kama hana ndugu wa karibu tunaitwa sisi. Wiki hii nilikuwa na mzee aliyekuwa nahodha, watoto wake wako Hispania. Nilimshika mkono mpaka mwisho, nikamfunga kidevu, nikamfungulia dirisha kama wanavyopenda wao. Zamani nilikuwa nikirudi kutoka huko namwaza Jonas nakosa pumzi. Safari hii nilirudi nikala, nikalala.

Yupo padre wetu anayepitia London, nimempa senene, wale panzi wa kukaanga, Mama kawatuma kutoka nyumbani. Nusu yako, nusu ya Jonas, usimpunje kama ulivyozoea. Na ombi dogo: aniandikie mstari mmoja. Hata akiandika tu kwamba ameshiba, mimi basi.

Dada yako akupendaye,
Dativa


London
16 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Heri ya Pasaka. Senene wamefika, na Jonas amewafurahia sana. Mimi naendelea na kampeni, mikutano mitatu kwa siku, sauti imekauka. Vita inakwenda vizuri kuliko magazeti yanavyosema.

Naambatanisha barua aliyokuandikia. Kwa taratibu za usalama imepigwa chapa, usishangae. Naomba ikutulize, na tuache mambo mengine mpaka Juni kama tulivyokubaliana.

Wako,
Ludo

"Mama mpendwa, shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Chakula ni kizuri na ninapumzika vya kutosha. Baba ananitunza vizuri sana. Usiwe na wasiwasi wowote. Ni mimi mwanao, Jonas."


Spånga
2 Mei

Ludo,

Habari za huko? Huku baridi imeondoka, watu wanakaa nje na makoti wakijifanya ni joto. Mama aliteleza shambani lakini hakuvunjika, anachechemea tu na kutukana.

Barua ya Jonas niliibusu kwanza, ndipo nikaisoma. Ludo, huyu mtoto hajawahi kuniandikia kwa Kiswahili. Mimi namwandikia Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi. Ndivyo tulivyo tangu alipojifunza kushika kalamu, hata tukigombana tunagombana hivyo hivyo, kila mtu na lugha yake. Na haya maneno ya hofu na mashaka na upeo wa macho ameyatoa wapi? Hayo ni maneno ya sisi tuliosoma bweni. Na wewe anakuita mjomba. Tangu lini umekuwa baba?

Nambie kitu kimoja tu: ameumia? Kama hana mikono ya kuandika, sema. Kama hana macho, sema. Mimi ni mtu wa kazi hii, nimeona kila kitu, sizimii. Nimeshaomba likizo. Nitakuja nikae nje ya geti la hapo ulipomweka mpaka anifungulie nani sijui. Nimwone hata kupitia dirishani.

Dativa


London
19 Mei

Dada,

Shikamoo. Pole kwa Mama.

Maelezo ni mepesi. Barua zinazotoka huko lazima zisomwe na mtu anayezielewa, na mimi Kiswidi sikijui. Nikamwambia aandike Kiswahili. Akapata shida, akamwomba askari mmoja Mkenya amsaidie, na bila shaka huyo ndiye mwenye upeo wa macho. Neno "baba" ni kwa ajili ya wakubwa wake kule. Ndivyo alivyoandikwa.

Usije. Nakusihi kama mdogo wako na nakuambia kama waziri. Geti hilo halifunguliwi kwa mtu ambaye si mzazi, na kwenye karatasi mzazi wake ni mimi. Ukipiga kelele hapo nje utampotezea yote tuliyoyapata. Amepumzika, dada. Mwache apumzike.

Kura ni tarehe kumi na mbili Juni. Baada ya hapo utamwona, nakuahidi.

Ludovick


London
15 Juni
Kwa mkono wa mjumbe

Dada Dativa,

Shikamoo, na pole nyingi. Naambiwa katibu wangu alipokupigia simu tarehe sita kukuambia Jonas amefariki ulimwachia simu ikiwa wazi, akawa anasikia sauti yako kwa muda mrefu mpaka alipokata yeye. Tumwachie Mungu. Hali ya Jonas ilibadilika ghafla, madaktari walifanya kila liwezekanalo, na mimi nilikuwa pembeni yake. Ni jeraha alilolipata akilitumikia taifa. Sikukuambia habari za jeraha hilo mapema ili usiteseke, na naamini siku moja utanishukuru.

Utakuwa umesikia pia kwamba tarehe kumi na mbili nilichaguliwa, na sasa naongoza serikali. Nchi nzima ilinibeba katika msiba huu. Watu wameweka maua mlangoni mwangu mpaka barabara ikafungwa. Wapinzani wangu wawili walijitoa kwa heshima.

Mazishi ni tarehe ishirini na saba, kwa heshima zote za kijeshi. Tiketi zako nimeambatanisha, unaweza kuja na mtu mmoja wa kukushika mkono. Mimi na mke wangu tutakaa mbele, pamoja na majenerali. Wewe utakaa safu ya tatu, kama shangazi wa marehemu. Ndivyo ilivyo kwenye ratiba, na ratiba imeshachapwa. Kisheria mimi ni baba na wewe ni dada wa baba, kwa hiyo si uwongo. Naomba usilie kwa sauti kama kwetu. Kutakuwa na kamera.

Washauri wangu wangependa pawepo kitu cha asili. Nimewaambia kwamba nyumbani hatuziki mtu kabla wasifu wake haujasomwa, alizaliwa na nani, aliishije, alikufaje, na wameupenda sana utamaduni huo. Utausoma wewe kwa Kiswahili, dakika tatu. Andika chochote, hakuna atakayeelewa, lakini itapendeza.

Vaa nyeusi, siyo khanga.

Ludovick


Spånga
26 Juni

Ludovick,

Leo sikusalimii. Barua hii naitia posta ya kawaida, halafu napanda treni kwenda uwanja wa ndege. Itakukuta Jonas yuko ardhini na mimi nimeshasema, kwa hiyo isome polepole, huna haraka tena.

Jumamosi alikuja kwangu kijana Mkenya anaitwa Kipchumba. Anatembea kwa magongo, mguu mmoja umebaki huko vitani kwako. Kwao, kama kwetu, ukifiwa na mwenzako lazima ufike kwa mama yake, usimame mbele yake, useme pole kwa mdomo wako. Anwani alipewa na Jonas. Uzazi hausomwi kwenye karatasi, Ludovick, vijana wenyewe kwa wenyewe wanaulizana mama yako yuko wapi.

Akakaa ukingoni mwa kiti, chai hakuigusa. Akasema, "Mama, pole sana. Na pole kwa hiyo miezi yote ya kukaa naye."

Nikamwuliza, "Miezi gani, mwanangu?"

Akauliza, "Si tangu Januari, mama? Tarehe thelathini na moja. Tulipigwa pamoja, gari moja. Mimi mguu, yeye kichwa. Tulipelekwa hosi moja, mimi wodi ya chini, yeye ya juu. Hakuwahi kufungua macho. Ile mashine ndiyo ilikuwa inampumulia." Halafu akasema polepole, "Sisters wa wodi walituambia mtu wa familia anakuja. Nilijua tu ni wewe. Hukuwa unakuja?"

Nilimwambia hapana. Mtoto wa watu akaanza kulia, nikambembeleza mimi. Aliniambia mlangoni kuliwekwa mlinzi, na anayeruhusiwa kuingia ni baba peke yake. Baba alikuja mara chache, hakai. Madaktari walishasema tangu Februari kwamba ndani hakuna mtu tena, wanamweka kwa sababu baba hajatia sahihi. Nesi mmoja wa kwao alimwambia hayo akiwa na hasira. Na tarehe sita baba alikuja na mpiga picha, akatia sahihi, wakazima.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba hakuna risasi inayoweza kumfikia, alikuwa ameshapigwa siku mbili. Uliposimama bungeni ukanywa maji ukasema mwanangu yuko mstari wa mbele, alikuwa kitandani na bomba kooni, na wewe ulijua. Chumba chake peke yake chenye joto! Hafanyi kazi ngumu! Uliandika hayo ukacheka au hukucheka? Nataka kujua. Nilikuombea ushinde, mbwa wewe, nilipiga magoti. Mwezi Februari maiti ilikuwa hasara, ungeulizwa maswali. Mwezi Juni ikawa mtaji. Ukamweka mwanangu kwenye mashine, mwili unapigwa hewa kama mpira wa baiskeli, ukisubiri siku yake ya kufa ikufae.

Nami hapa, miezi yote hiyo, nilikuwa nawashika mikono wazee wa Kiswidi nisiowajua ili wasife peke yao. Nahodha yule nilimfunga kidevu kwa mikono hii. Jonas alifungwa na nani? Hilo nalilia kuliko hata kufa kwake. Kufa tutakufa wote. Mimi ningekaa naye, Ludovick. Nisingepiga kelele, nisingemwita mwandishi yeyote. Ningekaa tu kwenye kiti, nikamsemesha Kiswahili, naye asinijibu. Ungenipa hilo ningekuachia nchi nzima uitawale.

Umesoma sheria, umekuwa diwani, mbunge, naibu waziri, waziri, sasa mkubwa wao wote. Kazi yako yote umeijenga juu ya kitu kimoja, kujua nani ataumia na kuhakikisha si wewe. Wenzako wanaita moyo. Yule aliyejiuzulu kabla wiki haijaisha ndiye aliyekuwa nao.

Habari za nyumbani. Nala anakuja na tiketi yake, atasimama nyuma kabisa na wenzake Jonas, ameshaongea nao. Mama nimemwambia yote kwa simu, na safari hii masikio yake yalisikia. Akasema kibanja chetu, hilo shamba la ukoo, kina makaburi ya kutosha na lako halitakuwepo. Alisema kwa Kihaya, na mbele ya wazee wa ukoo, kwa hiyo unajua uzito wake. Hata ukifa umekumbatia taji, tafuta pa kulazwa huko huko.

Unajua kwa nini sikukupigia simu kukutukana? Kwa sababu karatasi ni zako. Ningepiga kelele ungemzika kabla sijafika, na kaburi nisilione. Nimenyamaza mpaka utie miguu yako kanisani mwenyewe. Nitavaa nyeusi. Nitakaa safu ya tatu. Sitalia kwa sauti, kamera zako zisichafuke. Na mtu wangu wa kunishika mkono ni Truphosa, ambaye atasimama nami pale mbele na kutafsiri kila sentensi kwa Kiingereza kabla sijaanza inayofuata. Amevaa suti yake ya mahakamani. Huyo hanyamazishwi. Na kwetu, kama ulivyowaambia washauri wako, maiti haizikwi mpaka wasifu umalizike.

Huu hapa, nakutumia nakala yako:

"Wasifu wa marehemu Jonas Severin. Marehemu alizaliwa Stockholm, mtoto wa kwanza wa Severin, dereva wa basi, na Dativa, ambaye ndiye mimi ninayesoma. Alianza kutembea mapema na kusema kwa kuchelewa. Alipenda kuteleza kwenye barafu na samaki wa kuvuta moshi. Alipofiwa na baba alipelekwa kwa mjomba wake London, na mjomba akamwandika kuwa wake. Aliingia jeshini. Alipigwa kichwani tarehe thelathini na moja Januari, hakuzinduka tena. Alilazwa miezi minne peke yake, mlango ukilindwa, mama asijue. Mjomba aliamuru mashine izimwe tarehe sita Juni, siku sita kabla ya kura. Marehemu ameacha mama, dada mmoja na bibi. Baba yake alishatangulia, na baba mwingine hakuwa naye."

Dativa
Mama wa marehemu